SOMO LA JAMAA: TUWAFUNDISHE WALE WANAOCHUNGA WAZEE WENYE UGONJWA WA KUSAHAU

(Somo hili lisomwe katika chama cha wamama, cha wababa na cha vijana. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.)



Katika nyumba nyingi za waamini wetu kuna mzee ambaye amebadilika. Zamani alijua majina ya wajukuu wote na habari za ukoo mpaka kizazi cha nne. Leo anauliza mara kumi kama chakula kimeiva, kumbe amekwisha kula. Watu wa nyumba wamechoka. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika, wengine wanaogopa. Na yule anayemchunga mchana na usiku, mara nyingi ni mke wa mtoto au binti wa miaka 14, hakuna mtu aliyemfundisha hata siku moja namna ya kufanya kazi hiyo.

Sisi tunafundisha waimbaji kabla hawajaimba. Tunafundisha wale wanaotaka kuoana. Tunafundisha wale wanaopokea wageni siku ya sikukuu. Lakini kazi ya kuchunga mzee ambaye akili yake inazimika, tunaitupa juu ya mtu mmoja bila neno. Ndiyo sababu tumeandika somo hili.

I. UGONJWA HUU NI NINI?

Ulizo: Jina lake ni nani?

Jibu: Unaitwa demensia. Wengi wamesikia pia jina la Alzheimer. Demensia ni hali ya ubongo kuharibika polepole, mpaka mtu anashindwa kukumbuka, kufikiri, kusema vizuri na kufanya kazi zake za kila siku. Magonjwa mbalimbali yanaweza kuileta. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoileta kwa watu wengi, 60 mpaka 70 kwa kila wagonjwa 100. Wengine wanaipata kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo imeziba au kupasuka, zaidi wale wenye tansio na ugonjwa wa sukari.

Jina la Alzheimer linatoka kwa daktari mmoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 alieleza mbele ya madaktari wenzake habari ya mama mmoja wa Frankfurt aliyeanza kupoteza akili akiwa na miaka kama 50. Mama huyo alipokufa, daktari alichungua ubongo wake akaona alama za ugonjwa ndani yake. Tushike neno hilo: ugonjwa huu unaonekana katika ubongo wenyewe, kama vile ugonjwa wa ini unavyoonekana katika ini.

Ulizo: Je, si ugonjwa wa Wazungu?

Jibu: Hapana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 kwa 100 kati yao wanaishi katika inchi ambazo hazina mali nyingi. Mwaka 2008 na 2009 watafiti waliingia katika nyumba za Bangui na za Brazzaville kuwapima wazee wa miaka 65 na zaidi. Walikuta wagonjwa karibu 8 kwa kila wazee 100 kule Bangui, na karibu 7 kule Brazzaville. Na Brazzaville ni ng'ambo ya mto tu, ukisimama Kinshasa unaiona.

Ulizo: Unaambukiza? Unapona?

Jibu: Hauambukizi. Mtoto anaweza kulala karibu na nkambo wake bila hofu. Kwa sasa hakuna dawa ya kuumaliza. Ziko dawa zinazosaidia kidogo wagonjwa wengine. Lakini mgonjwa anaweza kuishi miaka mingi, na miaka hiyo iwe ya heshima au ya mateso inategemea sana yule anayemchunga.

Ulizo: Tunaweza kujikinga?

Jibu: Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2024 wataalamu wa dunia walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, wakasema kwamba yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangekingwa au wangechelewa kuugua. Kati ya mambo hayo kuna tansio, sukari, tumbaku, pombe nyingi, kuumia kichwa, masikio yasiyosikia, upweke, na kukosa masomo utotoni. Basi kijana anayepimwa tansio leo anachunga akili yake ya kesho.

II. TUTAMBUE NAMNA GANI?

Si kila kusahau ni ugonjwa. Mzee mwenye afya anasahau mahali alipoweka miwani, kisha anakumbuka. Mgonjwa anaweka miwani ndani ya chungu, na kesho yake anasema mke wa mtoto wake amemwibia. Mzee mwenye afya anasahau jina la jirani. Mgonjwa anapotea katika avenyu ambayo ameishi miaka 20. Mama aliyepika bukari maisha yake yote anasimama mbele ya sufuria, hajui tena kama ni maji au unga unaotangulia.

Lakini angalieni jambo moja. Demensia inakuja polepole, kwa miezi na miaka. Kama mzee alikuwa na akili nzuri siku ya kwanza ya juma, na siku ya nne anasema ovyo, hamjui mtu, au analala tu, usingojee. Inaweza kuwa malaria, ugonjwa wa mkojo, ukosefu wa maji mwilini, kuanguka na kuumia kichwa, au dawa alizokunywa. Apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tena kuna magonjwa yanayofanana na demensia na ambayo yana dawa: huzuni kubwa ya moyo, ugonjwa wa tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini fulani, kaswende ya zamani isiyotibiwa. Kwa hiyo hata kama kusahau kumekuja polepole, safari ya kwanza ni kwa daktari. Tusiseme «ni uzee tu».

III. NENO GUMU: «NI MCHAWI»

Ndugu, hapa hatuwezi kunyamaza. Mnajua yanayosemwa katika kartie zetu. Mama mzee anatoka saa nane ya usiku. Asubuhi anakutwa katika uwanja wa jirani, hana nguo, hajui namna alivyofika. Watu wanakusanyika, wanapiga kelele: «Mchawi ameanguka!» Kama siku hizo mtoto fulani aliugua, basi kesi imekwisha. Wengine wanachukua mawe.

Tutazame mambo hayo moja moja.

Kwa nini anatembea usiku? Kwa sababu ugonjwa umeharibu ile saa ya ndani inayotambulisha mtu usiku na mchana. Anaamka akidhani kumekucha, anataka kwenda shambani au sokoni.

Kwa nini anavua nguo? Labda alisikia joto, labda alitafuta choo, akasahau kuvaa tena.

Kwa nini anasema na watu waliokufa? Kwa sababu ugonjwa unafuta kwanza mambo ya jana, na mambo ya zamani yanabaki. Moyoni mwake dada yake aliyekufa zamani yungali hai, wako pamoja mtoni wakichota maji.

Kwa nini anamtukana mtoto wake? Kwa sababu hamtambui. Anaona mwanaume mgeni ameingia chumbani mwake.

Watafiti wale wa Bangui na Brazzaville waliona kwamba wazee wenye demensia walikuwa wanasingiziwa uchawi. Hapa kwetu, mwaka 2021, katika Kivu Kusini, kule Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wa umri mkubwa walisingiziwa uchawi na wengine waliuawa, hata kwa moto. Wale waliowataja walikuwa watu wanaosema kwamba wanaona mambo ya siri. Ndugu, sisi ni kanisa linalopokea maono, kwa hiyo neno hili linatuhusu kuliko wengine.

Tunasema hivi:

1. Mwenye karama ya maono asitaje jina la mzee mbele ya watu. Akiona neno, alipeleke kwa siri kwa wazee wa kanisa.

2. Kuombea mgonjwa ni kazi yetu, tuendelee. Lakini kumfungisha njaa mzee dhaifu, kumnyima maji au dawa, kumpiga ili roho itoke, kumfunga kamba, kumlaza siku nyingi sakafuni, mambo hayo si maombi. Mwili ukikosa maji, akili inapotea zaidi, na watu wanasema roho imekaza. Kumbe ni kiu.

3. Mzee akisingiziwa katika kartie, shemasi aliye karibu aende mara moja, pamoja na shefu wa kartie, amtie mzee mahali pa usalama, kisha aeleze watu ugonjwa huu. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, fungu la 49, inasema kwamba mtu wa umri mkubwa ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Na amri ya kuheshimu baba na mama haikuweka mpaka kwamba heshima inakoma siku mzazi anaposahau jina lako.

IV. MAFUNDISHO SABA KWA MWANGALIZI

Fundisho la 1: Kusema. Usimwite kutoka nyuma. Njoo mbele yake, keti ili macho yenu yalingane, taja jina lako: «Mama, ni mimi, mke wa mtoto wako.» Sema neno moja kwa mara moja. Usiseme: «Simama, vaa, tunakwenda kwa daktari, usisahau kitambaa.» Sema: «Simama.» Ngoja. Kisha: «Shika mkono wangu.» Usimpime kwa kumwuliza: «Unanijua mimi nani?» Hiyo inamtia haya mbele ya watu.

Fundisho la 2: Kutobishana. Mzee aliyefanya kazi ya mgodi miaka 30 anaamka saa kumi ya usiku, anatafuta viatu na kofia, anaogopa kukosa kazi. Ukimwambia: «Wewe ulipata pansio zamani, lala!» atakasirika, maana kwake ni uongo. Sema: «Baba, bado ni giza. Keti kwanza tunywe chai. Kule mgodini ulikuwa unafanya kazi gani?» Atakueleza, na hofu itapungua.

Wengine wametuuliza: Je, huo si uongo? Mama anauliza: «Bwana yangu yuko wapi?» na bwana amekufa miaka mingi. Ukimwambia amekufa, atalia kama mtu aliyesikia leo. Kesho atauliza tena, atalia tena. Utamfiwisha kila siku. Lakini si lazima useme «atarudi jioni». Mwambie: «Unamkumbuka baba, ee? Alikuwa mtu wa namna gani?» Hapo hukusema uongo, na umejibu neno ambalo moyo wake unauliza. Maana anachotafuta ni mtu wa kukaa naye.

Fundisho la 3: Siku yenye utaratibu, na kazi. Aamke, anawe, ale, apumzike saa ileile kila siku. Tena apewe kazi anayoweza: kumenya karanga, kuchagua maharagi, kukunja nguo, kufagia uwanja. Hata akifagia vibaya, mshukuru. Msikose kuimba naye. Nyimbo alizojifunza zamani zinakaa katika akili hata wakati maneno mengine yamekwisha kutoka. Tumeona wazee wasioweza kutaja jina la mtoto wao, lakini wanaimba wimbo mpaka mwisho.

Fundisho la 4: Kuosha na choo. Hapa desturi zetu zina uzito. Mkwe haoni uchi wa baba wa bwana wake, wala mtoto mwanaume uchi wa mama yake. Mgonjwa mwenyewe hajasahau haya hiyo, ndiyo sababu anapigana akivuliwa nguo. Basi jamaa lipange mapema nani anaruhusiwa: mjukuu kwa nkambo wake, dada kwa dada, au mama au baba wa kanisa wa umri wake. Maji yawe ya vuguvugu. Mfunike kitambaa, oshe sehemu moja moja, mwache ashike sabuni mwenyewe. Mpeleke chooni kwa saa zilizopangwa, usingojee aseme. Akijichafua, usimkaripie mbele ya watoto.

Fundisho la 5: Chakula na maji. Mpe kikombe kidogo cha maji mara nyingi, maana anasahau kiu. Ale akiketi wima, asilishwe akilala. Fanya bukari matonge madogo, toa miiba yote ya samaki, sombe iwe laini. Akikohoa kila mara anapokula, au chakula kikibaki shavuni, mwambie daktari, kinaweza kuingia katika mapafu. Usimharakishe. Akitumia mikono badala ya kijiko, haidhuru, mikono ni desturi yetu.

Fundisho la 6: Hatari. Tembea katika nyumba na uangalie kwa macho yake. Mbabula yenye makala isiachwe karibu naye, wala isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, maana moshi wake usioonekana unaua. Petroli ya taa isiwekwe katika chupa ya maji. Dawa zifichwe. Kisima kifunikwe. Usiku pawe na taa ndogo njia ya kwenda choo.

Juu ya kupotea: shona ndani ya nguo yake kipande cha kitambaa chenye jina na namba ya telefone ya jamaa. Weka picha yake ya sasa. Wajulishe majirani, wauzaji wa barabarani na vijana wa pikipiki: «Mkimwona baba huyu peke yake, mleteni.» Tundika kengele mlangoni. Lakini msimfunge kamba, wala msimfungie peke yake nyumbani na kwenda sokoni. Moto ukiwaka, nani atamfungulia?

Fundisho la 7: Hasira. Mgonjwa akipiga au kulia, uliza kwanza: Anaumwa wapi? Jino? Tumbo limefunga siku ngapi? Mkojo unamchoma? Ana njaa? Kelele ni nyingi? Yeye hawezi tena kusema «ninaumwa», mwili wake unasema kwa hasira. Wagonjwa wengi wanasumbuka zaidi jua linapotua. Saa hiyo wageni wapungue, redio izimwe, taa iwashwe mapema.

V. MWANGALIZI NAYE NI MTU

Yule anayechunga halali. Hajafika ibadani miezi mitatu, na sisi tunaandika jina lake kati ya waliorudi nyuma. Biashara yake imekufa. Kama ni binti, ameacha masomo. Siku moja mkono unainuka juu ya mzee, na baadaye analia peke yake.

Kwa mwangalizi tunasema: mkono ukitaka kuinuka, toka nje. Hakikisha mzee hana hatari karibu naye, kisha vuka uwanja, mwite jirani. Kuomba msaada si ukosefu wa imani wala wa upendo.

Kwa jamaa tunasema: ketini kikao. Kila mtoto wa mzee atamke mbele ya wengine atakachotoa. Aliye mbali, Kinshasa au Ulaya, atoe pesa ya dawa na sabuni, na apige telefone kuuliza habari za mwangalizi pia, si za mgonjwa tu. Aliye karibu atoe siku zake. Wanaume wasiseme hiyo ni kazi ya wanawake, baba yao wa kuoshwa ni wa kwao. Na binti wa shule arudi shuleni. Nkambo mwenyewe, kama angekuwa na akili yake, asingekubali mjukuu apoteze mwaka kwa ajili yake.

VI. TUTAWAFUNDISHA NAMNA GANI?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kufundisha waangalizi, kinaitwa iSupport. Kina sehemu 5: kuujua ugonjwa, kazi ya mwangalizi, mwangalizi kujitunza mwenyewe, kazi za kila siku, na tabia zinazobadilika. Sisi tunaweza kufuata mpango kama huo katika kila kusanyiko, mkutano mmoja kwa juma, juma 5.

Katika kila mkutano, kwanza waangalizi waeleze juma lao. Wao ndio wanaojua. Kisha mwuguzi wa kanisa au wa kituo cha afya afundishe sehemu moja. Kisha wafanye zoezi wawili wawili. Mfano: mmoja anaziba masikio kwa pamba na kuvaa miwani iliyopakwa mafuta, mwenzake anamwamuru mambo matatu kwa haraka. Halafu wanarudia, neno moja moja, kwa sauti ya upole. Mtu akikaa dakika 5 katika nafasi ya mgonjwa, hatasahau.

Tena mashemasi wapange orodha ya watembeleaji. Jumamosi watu wawili waende kukaa na mgonjwa saa tatu nzima, ili mwangalizi aoge, alale, aende sokoni au katika maombi. Wasiende kutazama mgonjwa na kuondoka, waende wakae. Na wabaki wawili, ili pasiwe na masingizio ya wizi, maana mgonjwa anaweza kusema ameibiwa.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Katika kusanyiko letu, nyumba ngapi zina mzee wa namna hii? Nani anamchunga usiku?

2. Mzee amebadilika kwa siku tatu tu. Tufanye nini kwanza?

3. Mama anauliza bwana yake aliyekufa. Utamjibu nini bila kumwumiza na bila kusema uongo?

4. Mtu amesimama katika maombi akamtaja mama mzee kwa jina. Kazi ya shemasi ni nini, saa hiyo hiyo?

5. Katika jamaa lako, nani ameruhusiwa kumwosha baba? Nani kumwosha mama? Mlikwisha kuzungumza jambo hilo?

6. Nani kati yetu atakwenda Jumamosi hii?

Majibu ya ulizo la kwanza na la sita yaandikwe kwenye karatasi na kuletwa kwa mashemasi kabla ya ibada ya siku ya Mungu. Orodha ya watembeleaji itasomwa siku hiyo.

Amani ikae nanyi, na katika nyumba za wazee wetu.